Aliyemwita Mume Wangu Jaa

Mpendwa mshauri Mama Pokuaa,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi kamati yetu inapiga kura, na mimi nimo ndani ya kamati hiyo, na nikishinda nitamjua mwanamke aliyekuwa akiniibia mume, na nikishindwa nitakufa na donge langu kooni.

Mimi ni mjane, Muewe wa Keta, niliolewa hapa Kumasi kwa Waasante na hapa ndipo nilipozalia, na marehemu mume wangu Kwabena, mtoto wa pekee wa mama yake, alikuwa mpole asiye na neno na mtu, isipokuwa kila Jumanne alichelewa kurudi nyumbani, na akirudi ameshiba, nikimpakulia fufu anaigusagusa tu kwa adabu, nikiuliza anasema ni kazi, nami nikanyamaza kwa sababu sikulelewa kumfuata mume barabarani. Mwaka jana akafariki. Mazishi tuliyabeba mimi na wajomba zake, mama yake mzazi hata makaburini hakufika, alijifungia chumbani, na tangu siku ile mimi na yeye hatusalimiani, ingawa nikisema kweli hata zamani salamu zetu zilikuwa za mdomoni tu, maana hakutaka mwanawe aoe Muewe na alinitamkia usoni.

Sasa halmashauri ya jiji imeunda kamati ya kuweka taratibu za majina na vibao vya kumbukumbu bustanini, kwa sababu watu wanabandika ovyo, huyu kapigilia jina la shangazi yake mtini, yule kaipa njia nzima ya maua jina la baba yake, na mimi nikateuliwa kuwawakilisha akina mama wa kanisa. Tukaenda kukagua. Karibu na bembea za watoto nikaona benchi lenye kibao cha shaba, na juu yake majina ya mume wangu, yote matatu, na tarehe aliyofariki, na chini yake kwa Kitwi: "Sumina wangu. Ulikaa kuliko wote."

Sumina! Kitwi changu ni cha sokoni lakini neno hilo nalijua, ni jaa, ni pale tunapomwaga takataka. Nani huyo wa kumwita mume wangu jaa mbele ya watu, halafu anaongeza "wangu"? Na alikaa wapi kuliko wote, na hao wote ni kina nani, ina maana mwanamke huyo alikuwa na wanaume kibao na wangu ndiye aliyedumu?

Nikamuuliza muuza ndizi za kukaanga wa pale getini. "Ee sista, kuna mwanamke huja na teksi," akasema. "Jumanne tu. Kajipaka poda shingoni mpaka kifuani, nyeupe pee. Anakula kidogo, anaacha kidogo, anaongea peke yake, anaondoka." Mshauri, mwanamke anayejipodoa kwenda kukaa na benchi, alipokuwa akienda kukaa na mwenyewe alijipambaje? Chini ya benchi nikakuta maganda ya mayai, kumbe ni karamu! Siku hizi hata ile alama ndogo ya shavuni mwa mume wangu, aliyoniambia ni paka alimkwaruza utotoni, naitilia shaka, kucha za nani zile?

Basi kwenye kamati nikapendekeza kwamba kila kibao kiandikwe jina la aliyekiweka, majina ya utani yapigwe marufuku, na mtu asiyejitokeza kwenye mkutano wa hadhara kukitetea kibao chake, king'olewe. Mwenyekiti wetu, Bwana Agyenim, akanikazia macho. "Mama, wewe unatunga sheria au unatega panya?" Watu wakacheka. Nikasema na ruhusa ya kuweka kibao iwe ya familia peke yake. "Familia ipi?" akauliza. "Kwetu marehemu ni wa ukoo wa mama yake. Mke si familia, mama. Mke ni mgeni mwenye heshima." Nililia chooni, Mama Pokuaa, nikanawa uso nikarudi, na baada ya hapo nimezunguka kwa wajumbe mmoja mmoja na kura ninazo.

Nifanyeje? Nimvizie Jumanne nimtie adabu palepale, au nisubiri kura imlete mwenyewe mkutanoni aaibike mchana kweupe?

Mjane Mwenye Donge, Kumasi

*

Mjane wangu,

Pole kwa msiba. Na pole tena kwa hilo la "mgeni mwenye heshima", maana lingeniuma hata mimi ambaye ni Mwasante. Lakini pole zangu zimeishia hapo. Jina kamili la marehemu nimelifuta ili mji usikucheke, sasa kaa kitako nikugombeze.

Mumeo anaitwa Kwabena. Kwabena ni jina la mtoto aliyezaliwa Jumanne, na hata nyinyi Waewe mna majina ya siku, kwa hiyo usiniambie hukujua. Halafu unauliza kwa nini Jumanne! Hiyo ni siku ya roho yake, na siku hiyo mtu hupikiwa viazi vikuu vya kuponda na mayai ya kuchemsha. Anayempondea mtu viazi hivyo tangu yuko mgongoni si kimada. Vimada hawana mchi.

Na hiyo poda! Mama wee, ni msichana gani wa Kumasi ya leo anayejipaka poda shingoni mpaka kifuani? Jumapili ukiwa kanisani tazama safu ya mbele wanakokaa bibi zetu, uone shingo zilivyo nyeupe. Muuza ndizi alikueleza yote, wewe ukasikia ulichokuja kukisikia.

Sasa Sumina. Mama akizaa mtoto akafa, akazaa tena akafa, akazaa tena, yule anayefuata hapewi jina zuri. Anaitwa Jaa, anaitwa Mtumwa, ili kifo kikipita mlangoni kimwone hana thamani kiende zake. Na shavuni anachanjwa alama ndogo. Hakuna paka hapo. "Ulikaa kuliko wote" maana yake ndiyo hiyo hiyo: wenzake walikuja wakaondoka, yeye akabaki mpaka akaota mvi, mpaka akakuoa wewe. Ulijua ni mtoto wa pekee na hukuwahi kuuliza kwa nini.

Mkweo hakukudharau siku ya mazishi. Kwetu mzazi hamziki mwanawe, ni mwiko. Alifungiwa ndani akisikia nyimbo zinaondoka na mtoto wake wa mwisho, na kaburi hakuliona. Ndipo akajitafutia benchi. Simjui mama huyo na naweza kukosea, lakini nina uhakika kiasi kwamba ningekuwa wewe nisingelala.

Kwabena naye nitamsema, Mungu amrehemu. Mwanamume mzima kula kwa mama yake kama mwizi! Lakini jiulize ni kwa sababu gani hakuweza kuingia kwako akasema tu, "Natoka kwa mama." Wanawake wawili mlinuniana na yeye akawa anashiba mara mbili ili asimuudhi yeyote.

Kuhusu kura, Bwana Agyenim alikuwa sahihi juu ya panya. Alhamisi simama useme una jambo lako binafsi ndani ya pendekezo hilo, kisha uliondoe, na wale uliowazungukia kawazungukie tena. Sheria ya mji mzima haitungwi kwa ajili ya benchi moja. Ofisi ya jiji ikijua nani kaweka kibao inatosha, mpita njia hayamhusu. Majina ya nyumbani yaruhusiwe, hata likiwa jaa, kwa lugha yoyote ile. Ila kwenye neno "familia" usirudi nyuma hata hatua moja. Dai kwamba ukoo na mjane wote waulizwe, na mwenyekiti akileta habari za wageni mwambie Pokuaa anamsalimu na anataka kujua nani alimuuguza marehemu.

Kibao usikiguse.

Jumanne nenda bustanini. Usijifiche getini, nenda wazi, na mayai yako ya kuchemsha umeyafunga vizuri. Msalimie yeye kwanza, kwa hichohicho Kitwi chako cha sokoni, na habari za kibao usizianze wewe. Usikae mpaka akuambie. Pengine atakufukuza, ana haki yake, na Jumanne inayofuata urudi. Siku atakayosema keti, keti, na usiwe na haraka ya kunyanyuka. Yule mama amezoea wanaoondoka.