Sukari ya Wageni Mama Asipewe

Baba,

Ukifika kutoka zamu ya kiwandani, uji uko kwenye sufuria. Wa Mama usitiwe sukari. Chai yake pia, hata akinuna. Wageni wakimletea sukari ya kumwona mgonjwa, washukuru, halafu ~~imwage~~ iweke juu ya kabati.

Nimeenda hospitali Thika. Asubuhi nikimwaga mkebe aliokojolea Mama, nilikuta sisimizi wamejaa mpaka ukingoni. Nilishtuka sana. Mwaka jana yule dresa wa zahanati aliyempima presha alituonya: "Mchungeni, mwenye presha ugonjwa wa sukari humpata upesi kuliko wengine." Sisi tukashika neno presha tu, tukampunguzia chumvi. Akilegea na kuona kiu, tunamwekea vijiko vinne vya sukari apate nguvu. Ni mimi niliyekuwa nakoroga, Baba.

Nimebeba mkojo wake kwa chupa, wauchemshe na dawa yao waone kama una sukari. Mama amenicheka: "Ngendo, wenzako wanapeleka mayai Thika, wewe unapeleka mkojo wangu!" Nikacheka naye, nikaifunga chupa kwa kitambaa.

Yeye hawezi kutembea. Kile kidonda cha jembe mguuni hakijapona, na leo kimeanza kunuka. Sijamwambia. Usimwambie.

~~Nitarudi saa nane.~~ Sijui nitarudi saa ngapi. Shangazi atakuja kukaa naye. Ukishakula, chukua kibali chako cha njiani kwenye koti, askari wasikukamate, unifuate. Najua hujalala. Lakini naogopa kusikia jibu peke yangu.

Binti yako,
Ngendo