Ngari Nyuma Yetu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechuma majani chai hadi saa nne. Ukungu. Vidole vimekufa ganzi. Nimerudi, nimeosha vyombo, nimeketi na kitabu jikoni nikasahau uji. Umeungua. Mama amesema, "Wawira, utaolewa na kamusi."

Baba amekaa uani siku nzima, mguu wa kulia juu ya kigoda. Ndio wenye chuma ndani. Kabla ya Novemba alikuwa dereva wa lori la majani chai. Siku hiyo alikuwa akilipeleka lori gereji, akashuka bonde la mto Thuci, na kwenye kona ya mwisho kabla ya daraja akakutana na gari la miraa limejaa upande wake. Alilikwepa. Lori likalala mtaroni. Hakuna aliyekufa. Mguu ulipona Mei. Yeye bado. Hajagusa usukani tangu siku hiyo.

Leo wamempigia kutoka kazini. Nafasi yake ipo hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo watatafuta dereva mwingine. Alisema "sawa" mara nne. Kisha akakata simu akaangalia viganja vyake.

Naogopa. Si kuhusu chakula, Mama ana cherehani yake na kazi haipungui. Naogopa Baba atakuwa mtu wa kukaa uani.

Jumatano, 6 Agosti

Baba ana mpango. Jumamosi twende mbugani, ile ya korongo la mto kule mbele ya Maua. Hakuna mwongozaji. Unapewa karatasi langoni, unafuata mawe yenye namba, unajiendesha mwenyewe. Hakuna malori. Mwendo ni wa pole.

Anasema ni kwa ajili ya Cucu, apate kuona ndovu. Cucu ni mama yake, amekuja kutoka Siakago kumjulia hali. Cucu amejibu kwamba ndovu waliwahi kumlia mahindi shamba zima na hajawasamehe. Baba amecheka, lakini mpango haukubadilika. Wote tunajua safari ni ya nani.

Mjomba wa Chuka, kaka yake Mama, atatuazima gari lake. Mimi nitasoma karatasi. Sikusema ndiyo. Niliitikia kwa kichwa tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mjomba ameleta gari. Baba ameliendesha kutoka mlangoni hadi kwenye lango na kurudi. Limezimika mara mbili. Jirani alikuwa akiangalia juu ya ua. Nilitamani aondoke.

Jioni nilikuwa nyuma ya jiko naokota kuni. Nikamsikia Baba akimwambia Mama, "Nikishindwa kushuka hilo korongo na kupanda, nitawapigia waweke mtu mwingine. Sitaki kuendesha lori nikiwa na hofu. Nitaua watu." Nilisikia kisu cha Mama tu, akikata sukuma wiki.

Kwa hiyo si matembezi. Ni mtihani. Amejitungia mwenyewe na atajisahihishia mwenyewe.

Nimeomba. Pia nimechonga penseli mbili. Sijui za nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumerudi. Tuko salama. Naliandika hilo kwanza.

Saa kumi na moja asubuhi tulikuwa barabarani. Thuci ilikuwa bado na giza. Magari ya miraa yalikuja mfululizo kutoka Meru, taa zimewaka zote, yanapita kama yamefukuzwa. Baba alishikilia usukani hadi mishipa ya mikono ikatokeza. Jasho shingoni, na baridi ile. Tukapita kona. Sikuitazama. Tukavuka daraja, tukapanda ng'ambo. Mama akasema, "Haya." Hilo tu.

Chuka, Nkubu, Meru mjini. Maua tulikunywa chai na mandazi. Baba alikunywa akiwa amesimama.

Langoni nikapewa karatasi. Mawe kumi na mawili, kila moja na maelezo yake. Kanuni kwa herufi nzito: usishuke garini ila palipochorwa mtu aliyesimama. Mama aliketi mbele na Baba. Mimi nyuma na Cucu. Nikaanza kusoma. Mama akageuka.

"Kondakta, paza sauti. Abiria wengine ni wazee."

"Mzee ni nani?" Cucu akauliza.

Jiwe la kwanza, pundamilia. La tatu, mahali pa kutazama. Tulishuka. Korongo liko chini sana, kuta nyekundu, mto una rangi ya chai ya maziwa. Viboko wanne kama mawe. Nilisahau kwa nini tumekuja. Baba pia, nadhani. Alipiga mluzi. Kufikia jiwe la sita alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja. Nilifurahi sana. Niliona kama tumeshafaulu.

Jiwe la saba. Nikasoma: "Barabara inashuka hadi mtoni. Vuka kwenye zege kwa gia ya kwanza. Usisimame njiani."

Barabara ya gari moja tu. Mwamba kulia, shimo kushoto. Hakuna pa kugeuzia. Baba alishuka hadi katikati, akapinda kona, akauona mto. Maji yalikuwa yakipita juu ya zege, si mengi, ya kufika kwenye kifundo cha mguu labda. Akasimama. Akavuta hendbreki. Injini ikazimika.

Akajaribu kuwasha. Ikawaka, ikazimika. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Niliuona kati ya viti. Sitaki kuukumbuka lakini nauandika.

"Nashuka niangalie maji," akasema.

Nilisema karatasi inakataza. Nilisema hivyo kwa sauti yangu ile ndogo ya darasani. Hakuna aliyesikia.

Akachechemea hadi mtoni. Akasimama pale. Maji yale yalionekana hata kutoka garini, hayakuhitaji kuangaliwa. Mama aliangalia mbele. Mimi niliangalia karatasi. Nilijua amefeli na nilijua anajua. Nililia kidogo bila kelele.

Ndipo Cucu, aliyekuwa amegeukia kioo cha nyuma, akasema, "Ngari."

Kwetu gari ni ngari. Na chui ni ngari. Neno moja huvutwa kidogo, lingine halivutwi. Cucu hana meno ya mbele, kwake yote ni mamoja. Na kwetu Runyenjes hakuna chui, kwa hiyo hatujawahi kuhitaji kutofautisha.

Mama akasema, "Asante Mungu." Akafungua kioo. "Baba Wawira! Cucu anasema kuna ngari nyuma!"

Baba akageuka. Uso wake ulibadilika kabisa. Alitabasamu. Akaja akipanda kwa haraka ile ya mguu wake, akapita kando ya gari letu upande wa Mama, akaendelea kuelekea kwenye kona, mkono juu, kama anayesimamisha matatu.

"Ngari! Ngari!" Cucu sasa alikuwa amekasirika. Akanipiga begani kwa kidole. "Wewe msomi, hebu angalia!"

Nikageuka. Hakukuwa na gari. Hakukuwa na vumbi wala mlio. Juu kidogo ya kona, ukingoni mwa barabara, nyasi, na ndani ya nyasi madoa. Kisha mkia. Ulikuwa ukicheza ncha tu. Baba alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, labda kumi na mbili, anapunga mkono.

Sikufikiri. Niliteremsha kioo nikapiga kelele. "Chui! Baba, chui! Si gari, ni chui!"

Sijawahi kusikia sauti hiyo. Iligonga mwamba ikarudi. Ilikuwa yangu.

Baba akaganda, mkono bado juu. Halafu akaanza kurudi kinyumenyume. Hakukimbia, hawezi. Mguu mmoja, mwingine anauvuta. Niliona chui akiinua kichwa. Ni mzuri, hilo ndilo jambo baya. Mama alikuwa ameshafungua mlango wa dereva kutoka ndani. Sijui ilichukua muda gani. Nilihesabu hatua zake nikapoteza hesabu. Akaanguka kitini, akafunga mlango, akawasha gari, likawaka mara moja, akaachia hendbreki akashuka. Gia ya kwanza. Maji yakalia chini yetu. Akavuka. Akapanda ng'ambo, kona, kona nyingine, hadi juu penye jiwe la nane.

Hapo ndipo aliposimama. Akaangalia nyuma kwenye njia tuliyopita. Akaangalia mikono yake.

"Nimevuka?" akauliza.

"Umevuka," Mama akasema. "Na kupanda umepanda." Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena. Cucu alisema hatuna masikio, na kwamba Siakago mtoto wa miaka mitatu angeelewa. Mimi nilitapika nje ya dirisha. Mandazi yote ya Maua.

Mawe manne yaliyobaki nilisoma vizuri. Hakuna aliyeniambia nipaze sauti.

Hatukuona ndovu hata mmoja. Cucu amesema afadhali.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amesimulia nje ya kanisa. Mara tatu, kwa watu tofauti. Kwa simulizi ya tatu chui alikuwa ameshika shati la Baba. Wanawake wamenishika mashavu. Mmoja wa kwaya amesema kumbe nina sauti, nijiunge na soprano. Nilitaka ardhi ipasuke.

Baada ya chakula Baba ameniita nikae naye uani. Amesema anataka kuniambia jambo na nisimwambie Mama, ingawa nadhani Mama anajua. Cucu aliposema ngari, alifurahi sana. Hakufurahi kwa sababu ya msaada wa kuvuka tu. Alitaka kumwomba huyo dereva aendeshe gari letu hadi langoni, yeye akae nyuma na Cucu, na Jumatatu awapigie kazini awaambie basi, ameacha. Alikuwa ameshapanga maneno yote. Ndiyo maana alikuwa akitabasamu.

"Nilikuwa nakwenda kumpa chui funguo za gari," akasema.

Tulicheka hadi Cucu akatoka kuuliza nini.

Kisha nikamuuliza kama aliogopa alipokuwa akishuka kwenye maji. Amesema hakukumbuka kuogopa. Alikuwa akimwogopa mwingine, yule wa nyuma. Nimemuuliza, je, kesho, bila chui? Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuuliza hivyo. Hakukasirika. Amesema hajui. Ameomba tutafute jibu.

Jumanne, 12 Agosti

Jana tulishuka Thuci. Mimi na Baba pekee. Gari la Mjomba lilikuwa lirudishwe Chuka, akasema nimsindikize.

Kwenye ile kona alisimama pembeni, penye nafasi. Tulishuka. Mtaro umeota majani, hauonyeshi kitu. Vipande vya kioo bado vipo. Alinionyesha lori lilipolala, na alipotoka kwa kupitia kioo cha mbele. Hajawahi kumwonyesha mtu. Nilisikiliza.

Tukaingia garini. Likazimika mara moja. Akapumua, akawasha tena, tukashuka. Mguu ulitetemeka, nimeuona. Lakini uliendelea kufanya kazi ukitetemeka. Daraja. Kupanda. Chuka. Mjomba alikagua gari lote akitafuta makucha.

Leo asubuhi amewapigia. Amesema, "Nitakuja. Lakini wiki ya kwanza nataka kwenda na dereva mwingine kando yangu, kwa sababu bado naogopa." Alisema hivyo hivyo, kwa sauti, mbele yetu sote. Nilidhani watamkatalia. Wamesema ni sawa.

Nimeenda kuchuma majani chai nikiwa nimejaa pumzi. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Jumatatu, 18 Agosti

Baba ameanza leo. Aliondoka mapema. Nimechuma, nimesoma, nimemfulia Cucu leso zake, kesho anarudi Siakago.

Amerudi saa kumi na moja jioni. Ana harufu ya dizeli na majani mabichi. Amesema ilikuwa kazi.

Amelala kwenye kiti kabla ya ugali kuiva, kinywa wazi, viatu miguuni. Mama amenizuia nisimwamshe. Tumemwekea chakula chake, tumekula polepole, tukiongea kwa kunong'ona.