Viatu vya Papa Mlangoni

Maman mpendwa,

Viatu vya papa, baba yetu, ninavyo mimi. Najua hilo ndilo swali lako la kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Ni vile vya kahawia, vya kamba, ulivyovitia kwenye mfuko wa plastiki tulipomzika, ukawa unavipiga rangi kila Jumamosi kana kwamba kesho yake atavivaa kwenda misa. Tulipoondoa vitu vyako katika nyumba yako ya Anderlecht, huku kwa Wabelgiji, ndugu zangu waligawana vitenge na masufuria. Mimi sikutaka kingine.

Barua hii naiandika wazi, wasome na wengine. Nina hasira, Maman, na nimechoka kuwa nayo peke yangu.

Nianze na koko, mama yako mzazi. Ulinisimulia habari zake jikoni, huku ukichambua sombe, majani ya muhogo tuliyonunua kwenye maduka ya Chaussée de Wavre, na kuwalaani walioyauza. Koko alikuwa mjane kijana mjini Bukavu, enzi ya Wabelgiji, akiuza samaki wakavu sokoni. Sheria ya wakati ule ilimtoza kodi mwanamke mzima aliyeishi mjini bila mume. Mwenye mume hakuguswa. Mume alilipa kodi yake ya kichwa, wakaona inatosha. Asiye na mume alikuwa mtu wa kutiliwa mashaka, basi alipe. Koko alilipia meza yake sokoni, kisha akalipia na kufiwa. Aliyeshindwa kulipa alipelekwa kufyeka majani kando ya barabara, watu wanaomfahamu wakipita na kumtazama.

"Donc koko alifanya nini?" nilikuuliza.

"Aliomba viatu kwa jirani. Viatu mbovu ya mwanaume. Kama muntu wa kodi anakuya, mimi njo nilikuwa naviweka ku mulango. Anauliza, bwana iko wapi? Koko anasema, ametoka, anarudi sasa hivi."

Ulikuwa mtoto mdogo, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza uliyopewa duniani: kumtafutia mama yako mume kwa jozi ya viatu. Ukifika hapo ulicheka mpaka machozi. Nami nilicheka. Ilikuwa hadithi tu.

Halafu papa akafariki, na akili yako ikaanza kukuponyoka. Ulisahau jiko likiwaka. Ulipanda metro kwenda sokoni, wakakukuta umeketi kituo cha mwisho na kikapu kitupu. Mchana nilikuwa naosha na kulisha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, jioni nakuja kwako, na mara nyingi nililala kwenye sofa lako. Kwenye karatasi mimi nilikaa kwangu, mtaa wa Koekelberg, na wewe ulikaa peke yako. Msaada wako wa uzeeni ulipimwa hivyo: anayeishi peke yake hupata zaidi, anayeishi na mtu hukatwa. Bila ile ziada usingeweza kubaki katika nyumba uliyoishi na papa.

Ofisi ya msaada huo ikatuma mtu kuja kukagua. Asubuhi ile nilitia mto wangu na mswaki wangu kwenye begi, nikakuambia, "Maman, leo kuna muntu wa serikali anakuya kuangalia kama unaishi peke yako." Nikakubusu, nikakimbilia metro.

Jioni nilifungua mlango, nusura nianguke. Viatu vya papa vilikuwa vimepangwa pale, vinang'aa, ncha zikitazama ndani. Kofia yake iko kwenye msumari. Wewe umekaa na kitenge chako cha sherehe, umechangamka jinsi ambavyo sikuwa nimekuona tangu msiba.

"Nimebashinda, mutoto yangu. Alikuya mwanamuke moya, kijana, na adabu yake. Akaangalia viatu. Nikamuambia, mon mari est sorti, il revient, bwana ametoka, anarudi. Akaandika, akaenda."

Nilijitupa kwenye sofa nikacheka, Maman, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Maman, hapa banataka ukuwe peke yako."

"Serikali gani inapenda mwanamuke akae peke yake?"

"Ni ileile. Sheria njo imegeuka."

"Ah bon." Ukavitazama viatu. "Kwa koko balikasirika juu hana bwana. Kwangu banakasirika juu niko naye. Na papa yako amekufa. Alors, banataka nini?"

Nilivirudisha viatu kwenye mfuko wake wa plastiki.

Uamuzi ulikuja haraka: unaishi na mtu. Wakakata. Nilipeleka cheti cha kifo cha papa, wakanijibu kwamba cheti kinaonyesha kuwa si yeye, hakionyeshi kuwa hakuna mwingine. Wakasema watarudi bila kutoa taarifa, na majirani pia wataulizwa. Nilikuja kukueleza nikitumaini utakuwa na siku mbaya, usielewe. Lakini siku hiyo akili yako ilikuwa kali kabisa.

"Rudi kwako," ulisema. "Chukua na taulo yako. Kama banataka peke yangu, bataniona peke yangu."

Nilikataa. Ukanigombeza kama mtoto wa shule, ukanishikisha begi, ukafungua mlango mwenyewe. Tangu hapo nikawa nakuja, napika, nazima jiko, naondoka kabla ya giza. Nikifika chini nilitazama juu, nawe ulikuwa dirishani ukinipungia mkono kama anayefukuza kuku. Niende, niende. Nilikuwa natembea mpaka kituoni bila kuona njia.

Jirani wa chini alisikia kishindo alfajiri, akadhani ni kabati. Nilikukuta asubuhi nilipopita kabla ya kazi, sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Daktari aliniambia kwa upole kwamba hukufa papo hapo. Mtu aliyelala kwenye sofa angesikia. Wakati wa matanga watu waliniambia ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia kwa sababu walikuwa wamekuja na chakula na walikupenda. Lakini sheria ile hakuiandika Mungu, Maman, na ile ya koko pia hakuiandika Yeye.

Tulipokwisha kukuzika ndipo jibu la ofisi lilipofika. Kifaransa chake kizuri, salamu za heshima chini. Wamechunguza upya, wamekubali kwamba Madame alikuwa anaishi peke yake. Nililisoma nimesimama kwenye ngazi zako, na funguo zako mkononi. Safari hii hawakukosea.

Siku hizi narudi nyumbani Koekelberg mikono ikinuka sabuni ya wazee wa watu, nawasha taa moja tu. Kuba la basilika, lile kanisa kubwa la mtaa wangu, liko palepale dirishani. Mume uliyekuwa ukiniombea kila Jumapili hajafika, na simtafuti. Mara mbili tatu nimejikuta Chaussée de Wavre nimenunua sombe ya watu wawili. Naipika yote. Inaharibika.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nikavitoa viatu vya papa, nikavipiga rangi, nikavipanga mlangoni, ncha zikitazama ndani, jinsi koko alivyokufundisha. Sikuviweka kwa ajili ya serikali. Sijui safari hii itataka niwe na mtu au nisiwe naye. Nimeviweka ili wewe ukipita huku uutambue mlango. Ingia, Maman. Sofa nimeshalitandika, na hakuna atakayekuambia uondoke kabla ya giza.

Mimi,
kitindamimba wako