Nati ya Juu ya Difu

Wewe, usicheke kwanza. Nimeharibu.

Unalijua lile gari la kaka, alilolinyanyua kwa springi ndefu mpaka shemeji anapanda kwa kigoda? Leo kaniambia nibadilishe oili ya difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya magurudumu. Nikiweza, Jumatatu naanza kazi gereji kwake.

Nikajitia fundi. Jeki ya nini, gari lenyewe liko juu! Nikajilaza chini yake, nikafungua nati ya chini, oili yote ikamwagika kwenye karai, inanuka kama yai viza. Nikapaza sauti: "Kaka, hii kazi ya watoto!"

Kumbe nati ya juu, ya kujazia, imeshikwa na kutu. Spana ikateleza. Ikateleza tena. Kona zote zikalika, ikabaki duara kama kifungo.

Oili imetoka, mpya haina pa kuingilia! Na kesho asubuhi ana wageni wa kupeleka porini.

Kaka akainama. "Ulianza na ipi?"

"Ya chini."

"Ya chini."

"Kaka, nilidhani..."

"Unaanza na ya juu, mdogo wangu. Ikigoma unaiacha, gari linatembea na oili yake kuukuu."

Hakufoka. Bora angefoka! Akawapigia wageni simu mbele yangu, akaahirisha safari.

Shemeji akauliza kama aniandalie ovaroli ya Jumatatu. Kaka akajibu bila kunitazama: "Mwache huyo. Ufundi wake uko mdomoni."

Nikalichukua karai la oili chafu, nikaondoka nalo.