Hatua Thelathini Nyuma ya Mama Mkwe

Jumapili, 1 Aprili 1973

Amefika! Mama mzazi wa mke wangu, Agripina. Jina lake siandiki hata humu, mkwe hatajwi. Maina alimpokea uwanja wa ndege, Arlanda, na kigari chake. Mimi nilijibanza nyuma ya nguzo, nikaona kanga na kikapu tu, basi.

Maina ni Mkenya, jirani yangu ghorofa ya tatu hapa Bredäng, kwa hawa Waswidi. Amecheka mpaka machozi yamemtoka. Eti mtu mzima, msomi, anamkimbia bibi! Nikamwambia cheka tu. Kwetu Sikonge mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani njia moja. Heshima ni heshima, hata kwenye baridi.

Nyumba nimemwachia yeye. Mimi niko kwenye kochi la Maina, miguu inaning'inia.

Agripina wiki ya tatu sasa hospitalini, kalazwa chali, haruhusiwi hata kwenda msalani. Mimba ina miezi saba. Mbili za kwanza zilitoka. Na hii ikitoka — siandiki.

Jumanne, 3 Aprili

Kuona wagonjwa ni kuanzia saa kumi. Mama anaingia saa kumi kamili, mimi saa kumi na nusu, akishatoka kwa mlango mwingine. Agripina katikati, anapokea salamu za huku na kupeleka kule. Anasema amechoka kuliko posta.

Leo kanipa amri. Mama analia ndani tangu asubuhi mpaka saa ya hospitali. Mtembeze mjini, aone aone vitu. Nikamuuliza nimtembezeje mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Akasema wewe si ndiye msomi, tafuta njia.

Njia nimeipata. Mama alisomeshwa na masista, Kiswahili anasoma kuliko mimi. Nimemwandikia karatasi ya matembezi, herufi kubwa, na ramani: shuka stesheni fulani, pita hapa, tazama hiki. Yeye atatangulia. Mimi nitafuata hatua thelathini nyuma, upande wa pili wa barabara, asije akapotea. Nikaipitisha chini ya mlango. Nikakohoa. Shikamoo mama! Kutoka ndani: Marahaba, baba. Ndiyo mazungumzo yetu yote tangu aje.

Jumatano, 4 Aprili

Matembezi ya kwanza, Gamla Stan, mji wa zamani. Kwenye treni yeye behewa la mbele, mimi la nyuma. Anatembea taratibu, karatasi mkononi, kama mtu anayekagua shamba alilorithi.

Ikulu ya mfalme — balaa! Kamkuta askari wa zamu amesimama wima na bunduki. Mama akamsalimia. Askari kimya, ndiyo kazi yake. Mama akangoja aitikiwe. Dakika nzima! Akasalimia tena, kwa sauti zaidi, labda kijana hasikii vizuri. Na mimi ng'ambo ya barabara, siwezi kwenda kumweleza. Jasho lilinitoka, na huku barafu haijaisha pembeni mwa njia.

Jioni nimekuta karatasi mezani jikoni kwa Maina, nyuma yake kaandika: Askari wa mfalme hakulelewa. Kanisa kubwa ni zuri, nimemwombea mkeo mbele ya Mtakatifu Joji na joka lake. Uliandika kulia, ilikuwa kushoto.

Nimecheka peke yangu. Ni kweli, ilikuwa kushoto.

Jumamosi, 7 Aprili

Aibu. Aibu kubwa, na kosa ni langu.

Nilimwandikia kichochoro chembamba kuliko vyote mjini, Mårten Trotzigs gränd. Ukuta huku, ukuta huku, ngazi katikati, mtu mmoja anatosha. Nikaandika: panda mpaka juu. Magoti yake sikuyafikiria kabisa! Akaingia. Nikahesabu thelathini, nami nikaingia. Kumbe katikati kageuka, anashuka.

Pa kukimbilia hakuna. Nikageukia ukuta, paji la uso kwenye mawe. Nikasikia viatu vyake vinasimama. Kajifunika kanga, naye kageukia ukuta wake. Tumesimama hivyo, wakwe wawili. Nyuma yangu akaja mzee wa Kiswidi na mifuko ya sokoni: Ursäkta, ursäkta, anaomba njia. Njia ipi, mzee wangu? Akatutazama mmoja mmoja, sijui alidhani tunasali. Akarudi alikotoka.

Mwishowe nikashuka kinyumenyume, ukuta nimeukumbatia, mpaka barabarani. Nikajificha dukani kwa muuza kofia.

Maina ananiambia nikimaliza kuona aibu nije nile, ugali unapoa.

Jumatatu, 9 Aprili

Leo kisiwa cha Djurgården, kwenye jumba la meli ya kale ya Wasa, waliyoiopoa baharini. Hakuna ngazi, nimeuliza kwanza. Alikaa mbele ya ile meli saa nzima. Maji wanairushia kama mvua, mbao zisikauke zikapasuka. Nilidhani amechoka. La, alikuwa anaandika.

Mezani: Meli hii ilizama siku ya kwanza, haikufika popote. Miaka mia tatu na zaidi na bado wanaijali. Sisi zile mimba mbili hatukuzitaja tena, tukamwachia Agripina peke yake. Tulikosea. Na wewe usilie usiku kwa jirani, ameniambia. Lia kwako.

Maina mdomo wake! Nimesoma mara nne. Nimeona haya, kisha nikashusha pumzi.

Jumanne, 10 Aprili

Naandika koridoni, hospitali. Saa tisa alasiri.

Saa sita tulikuwa stesheni ya Slussen, njiani kwenda kuona jumba la halmashauri. Kila siku saa hiyo napiga simu wodini kutoka kibanda. Muuguzi akasema njoo sasa hivi, usisubiri saa kumi. Nikatoka. Mama yuko mbele, kanga inayoyoma kwenye watu. Nikapiga kelele: Mama! Mama! Sijawahi kumwita hivyo nje ya mlango. Nikakimbia, nikampita, nikamsimamia mbele. Hakuuliza. Akanitangulia kwenye teksi. Tulikaa kiti kimoja.

Daktari, mwanamke wa miwani, alitoka akaeleza haraka. Kiswidi changu cha darasani kikanipotea nusu, lakini nilielewa. Akarudi ndani. Mama akaniuliza. Mimi, si ukuta: Anasemaje?

Nikatoa daftari hili nimwandikie. Yapo maneno mkwe hamwambii mkwe. Akaliwekea kiganja juu.

— Nimezaa sita, baba. Nimezika wawili. Sema.

Nikasema, macho kwa macho. Kondo la nyuma limetangulia mbele ya mtoto. Damu imetoka nyingi. Wanampasua sasa. Damu isipokata watatoa kizazi, ili Agripina apone. Neno kizazi ilibidi nilirudie.

Hakulia. Akauliza: Na mtoto? Nikasema hawajui bado. Akasema basi tungoje. Akaketi kwenye benchi, akanivuta nikaketi.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Imepita saa moja. Hakuna aliyetoka. Mama kashika mkono wangu wa kushoto, kaukaza, midomo inasali bila sauti. Naandika kwa wa kulia, daftari liko gotini. Ukurasa huu umebaki mistari miwili. Kufungua mwingine inabidi nimwambie aniachie, na