Feni ya Koridoni

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Mimea uliyoipanga kwenye chumba changu cha ushauri nasaha imechipua. Vile vitambaa vya kufutia machozi nafua mwenyewe, maana ulisema karatasi zinamaliza miti. Sijalalamika.

Lakini feni ya koridoni nani alikutuma uing'oe? Eti inapepea benchi na kula umeme bure. Haikuwa ya joto ile. Ngurumo yake ndiyo iliyomzuia anayesubiri nje asimsikie anayelia ndani. Ungeniuliza, ningekwambia. Na mimi, mjinga, nilipoikosa nikafurahia utulivu.

Jumanne alikuja mwalimu mmoja. Kwa mara ya kwanza alinisimulia jinsi mumewe anavyompiga. Nilipofungua mlango, mumewe alikuwa amekaa pale benchini, amewahi kufika kumchukua. Akasema kwa upole, "Twende nyumbani, mama. Nimesikia yote."

Tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Shuleni kwake hajaonekana.

Usinitumie tena picha za dunia inayoungua. Leo ni Jumanne tena, na saa ya yule mwalimu imefika. Feni nimeirudisha, inanguruma, na humu ndani hakuna anayelia.

Dada yako