Zamu ya Alhamisi

Kiirua,
kupitia Meru.
9 Machi 1996.

Kwa ndugu yangu Mwongera,

Muga! Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na Tabby, na kwamba kile kifua cha mtoto kimetulia. Huku kwetu hatujambo. Mke wangu Kanana anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la kiangazi, Mwenda wangu ameota meno ya mbele na anaongea Kimeru kama mwanakamati, nami ni mzima wa mwili. Mama yako pia hajambo. Nitakueleza habari zake huko mbele, kwa hiyo usiiache barua hii njiani.

Nakuandikia kwa sababu nimetakiwa kutoa uamuzi kabla ya Pasaka. Mzee Hezekiah, mwenye ile ploti ya Umoja, ameniambia kwamba nikitaka kurudi Nairobi, nyumba yangu ya zamani nitaipata. Vyumba viwili, jiko lake, bomba lake la maji ndani. Sasa nirudi ama nibaki hapa Kiirua? Ingekuwa mwaka jana ningekuja kwako mbio, kwa maana mambo yote ya kuhama mshauri wangu ulikuwa wewe. Lakini safari hii nimeona kwanza nikukumbushe tulivyofika hapa, usije ukasema nimesahau.

Utakumbuka ile Jumapili baada ya Pasaka ya mwaka jana. Ulikuja kwetu na gazeti kwapani, ukaketi kwenye kile kigoda karibu na mlango wa jikoni, ukaniuliza ni kitu gani hasa ninachofanya Nairobi. Nilidhani ni mzaha. Ukaanza kunihesabia: unga umepanda, watu wamejaa mpaka barabarani, nguo zinaibwa kwenye kamba zikiwa bado zinadondoka maji, na watoto wanakaa watano dawati moja wakipumuana. Ukasema fundi wa kuchomelea kama mimi angekuwa mfalme Kiirua, kwa kuwa watu wa Buuri wanajenga na kila anayejenga anataka geti. Nilikujibu kwamba kodi ya Mzee Hezekiah si mbaya na maji yako ndani ya nyumba, jambo ambalo wengine wangelilia. Ukacheka, ukasema hakuna mtu aliyewahi kuwarithisha watoto wake bomba la mwenye ploti.

Jumapili iliyofuata ulirudi, na nyingine pia. Uliniambia habari za shamba la marehemu baba yangu linalolala bure, na habari za hewa, na habari za maziwa. Kanana hakutaka kusikia. Alikuwa na mahali pake Gikomba pa kuuza mitumba, mahali alipopigania kwa kucha na meno. Basi ukaanza kupita hapo sokoni mimi nikiwa kazini, unamsalimia, unamnunulia chai, unamwambia mtoto wake atakunywa maziwa ambayo hayajaonja maji. Alilegea siku ile ulipoapa kwamba wewe na Tabby mtatufuata kabla ya Krismasi, ili yeye na Tabby wawe wanaazimana chumvi juu ya ua. Mwezi wa saba tukasafiri wawili, ukayarudia maneno hayo mbele ya mama yako. Yule mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani ameoa.

Kuna jambo moja nilikuwa nimelisahau, nalo sasa ndilo ninaloamka nalo. Mzee Hezekiah hana mambo ya maajenti. Katika ploti yake mpangaji anayetoka ndiye anayemleta anayeingia, na anamdhamini kwa neno lake. Mgeni akiharibu, aibu ni ya aliyemleta. Nilipokwenda kumuaga aliniuliza ninamwachia nani nyumba. Wewe ulikuwa umeniambia unamjua mwalimu mmoja, kijana mpole aliyeoa majuzi, niiache kazi hiyo kwako. Nikamwambia mzee kwamba yeyote atakayeletwa na Mwongera amhesabu kuwa nimemleta mimi, kwa sababu mimi na Mwongera tulikaa dawati moja Kaaga, tukatahiriwa msimu mmoja na kupona katika kibanda kimoja. Mzee akaridhika. Ufunguo nikautia mkononi mwako mwenyewe, nawe ukanisindikiza mpaka kwenye lori na kuifunga kamba ya kitanda.

Sitakuficha, mwanzo ulikuwa mgumu. Upepo wa mlimani ulipita katikati ya mbao za nyumba yetu kama mwenye nyumba. Kwangu hakuna stima, ikabidi nikodi pembe ya jengo pale kituoni, karibu na mashine ya kusaga, ndipo nikaanza kuchomelea. Watu walinong'ona kwamba nimefutwa kazi, naona haya kukiri. Kanana alinipikia bila kunisemesha kwa muda mrefu, na akinisemesha ni kuuliza Tabby anafika lini. Nikawa najibu: Krismasi. Krismasi ikafika, ukatuma salamu na dereva wa lori la kabeji kwamba kuna mambo madogo unayamalizia. Januari, mambo madogo. Nilikuamini. Hata nilikuonea huruma, nikikufikiria katika kile chumba kimoja cha Kawangware.

Nikueleze na habari za shamba lako. Unajua kwamba marehemu baba yako alikuwa miongoni mwa waliouchimba mfereji wa maji, na alipokugawia sehemu yako, zamu ya Alhamisi ikawa yako. Unajua pia kwamba zamu isiyofunguliwa msimu mzima hupewa mwingine, nao wanaoingoja ni wengi. Muthamia, mwenyekiti wa kamati ya maji, alitaka kuitoa. Mama yako alisimama kwenye mkutano akasema mwanawe yuko njiani. Tangu hapo, kila Alhamisi, mama huyo na miguu yake ilivyo, hupita getini kwangu na jembe begani, anakwenda kuyafungulia maji shamba lako ili watu waone kwamba zamu ina mwenyewe. Alipanda viazi ili mkifika mkute chakula. Viazi vikaiva, akavichimba, akapanda vitunguu. Na kila akipita ananiuliza kama nimepata neno lako. Nami namwambia: bado kidogo, mama, anamalizia mambo madogo.

Sasa nifike Gachoka. Mwezi uliopita Mzee Hezekiah alinitumia salamu. Siku hizi anapumzika kwao Gachoka, mwanawe ndiye anayeiangalia ploti. Kanisa lao linataka madirisha ya chuma, na mzee anaujua mkono wangu. Nikaenda na vifaa vyangu. Joto la Mbeere unalijua, chuma kinashika moto kabla hujakigusa na mashine. Mchana wa siku ya pili tulikuwa tumekaa kivulini, ukutani mwa kanisa, tunakula ndengu, mzee akaanza kunishukuru. Alisema tangu aanze kupangisha hajaletewa mpangaji mwema kama niliyemletea mimi. Jikoni kumepakwa rangi, mbele ya mlango kuna sukuma wiki kwenye mikebe. Nikafurahi, nikamuuliza yule mwalimu anafundisha shule gani.

Mzee akaacha kutafuna. Akaniuliza: mwalimu yupi? Akasema aliyemo ni Mwongera, yeye na mkewe na mtoto, tangu wiki ile ile niliyotoka mimi.

Kwanza nilidhani kelele za mashine zimeniziba masikio. Mzee naye, kwa kuwa hakujua lolote, akaendelea kunisimulia akicheka. Kwamba wewe ulimwendea wiki ya Pasaka ya mwaka jana ukiitaka hiyo nyumba. Kwamba alikuambia nyumba ina mtu, na huyo Kirimi hatatoka humo ila kwa jeneza. Na kwamba wewe ulimjibu: "Kirimi niachie mimi." Mzee alidhani tumepatana kindugu, mmoja anarudi nyumbani, mwenzake anashika nafasi.

Kirimi niachie mimi. Maneno hayo nimesafiri nayo kutoka Gachoka hadi Embu, na kutoka Embu hadi Meru, na bado ninayo. Wiki ya Pasaka, halafu Jumapili iliyofuata wewe huyo na gazeti lako. Hata wiki nzima hukungoja.

Mwongera, umeniumiza. Si nyumba. Nyumba ni ya Mzee Hezekiah, si yangu wala yako. Ungekuja ukaniambia kwamba mtoto wako anaisha kifua katika kile chumba, kwamba kodi imekushinda, kwamba umenionea wivu bomba langu, ningekupa chumba kimoja siku hiyo hiyo. Tungebanana. Kanana angelalamika siku mbili, ya tatu angekuwa amembeba mtoto mgongoni. Lakini wewe ulichukua shamba la baba yangu, na maziwa, na mwanangu, ukavitumia kama chambo. Ulinisifia kwetu ili unitoe kwangu, na kamba ya kitanda ukaifunga kwa mikono yako, ukiwa na ufunguo mfukoni.

Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba mengi uliyosema yamekuwa kweli. Mwenda hajaugua tangu tufike. Mageti yanaagizwa mpaka nimemweka msaidizi. Kanana anauza mitumba siku za soko, na wanawake wanamjia kutoka mbali kwa sababu anajua kuchagua. Ningefurahi, lakini siwezi kufurahi bila kuisikia sauti yako. Nikishika kikombe cha maziwa nakusikia ukinihubiria kwenye kile kigoda. Umeniharibia hata maziwa.

Mzee Hezekiah alipoelewa aliona haya kana kwamba kosa ni lake. Akasema katika ploti yake aliyeingia kwa uongo hutoka, nimpe neno tu kabla ya Pasaka, mwanawe ataviweka vyombo vyako nje na nyumba itanirudia. Nilifika nyumbani nikiwa nimeshaamua. Nilikuwa nimekwisha kuiona sura yako ukikunja godoro. Nilidhani Kanana ataanza kufunga virago saa hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye alihamishwa mara moja kwa mdomo wa Mwongera, na hatahamishwa mara ya pili kwa hasira yangu juu ya Mwongera. Nikiitaka Nairobi kwa kuwa naitaka Nairobi, atafunga mizigo. Nikiitaka ili nikuone wewe barabarani, niende peke yangu.

Nilizunguka na maneno hayo siku kadhaa. Nilikaribia kumwandikia mzee akutoe, nisikufiche. Hasira yangu ilikuwa inatosha.

Halafu Jumatano mama yako akaniletea jembe lake nimkazie mpini, kwa ajili ya Alhamisi. Akaniuliza kama nimepata neno lako. Mwongera, nilishindwa. Nimemdanganya mama huyo tangu Krismasi bila kujua kwamba namdanganya, lakini baada ya Gachoka ningekuwa najua. Nikamwambia. Nilimwambia yote: kwamba hauko njiani, kwamba umeshika nyumba niliyotoka mimi, kwamba hukuwa na nia ya kuja tangu siku ile alipopiga vigelegele. Nilijiandaa kwa kilio. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kama nyumba hiyo ina maji. Nikamwambia ndiyo, bomba liko ndani, unalifungua kwa vidole. Akasema ni vizuri, mtoto hatapata taabu. Akalichukua jembe lake akaenda.

Kwa sababu ya neno hilo moja nimemwandikia Mzee Hezekiah leo akuache humo. Nimemwambia kwamba mimi nabaki Kiirua, na kwamba udhamini niliokupa sijauondoa. Usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini sitamtoa mtoto mahali ambapo nyanya yake amefurahi kwamba ana maji. Na kubaki huku ni kwangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilihamishwa na wewe; safari hii nimekaa kwa akili yangu.

Lakini lazima ulijue na hili, maana hakuna mwingine atakayekuandikia. Juzi Alhamisi asubuhi nilisimama getini nikingoja kumwona akipita na jembe. Hakupita. Maji yalikuja na mfereji, yakafika kwenye mlango wa shamba lako, yakapita, yakaenda kwa watu wa chini. Vitunguu vimeanza kulala. Muthamia alikuja kuniuliza kama mama anaumwa. Nikamwambia hapana, haumwi.

Nisikuchoshe zaidi. Msalimie Tabby, sina ugomvi naye. Mtoto mfunike kifua asubuhi. Mlango wa jikoni ukitaka kuufunga uinue kidogo kwanza, ndipo usukume, la sivyo bawaba itang'oka. Kanana anawasalimu, Mwenda pia, ambaye bado anakuita baba mdogo na sijui nimwambie nini. Mama yako hakunipa salamu za kukuletea.

Ni mimi niliyekudhamini,

Kirimi.